Shule ya Watu Watatu, Mandawa

Kilichonitoa Nachingwea ni fomu moja. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwalimu wa sekondari pale, na pia mjumbe wa kamati iliyochagua vijana wa kusomeshwa vyuoni kwa ufadhili. Ilibaki nafasi moja, na mwombaji alikuwa Bibiana, binti wa Mandawa aliyetaka kwenda chuo cha kilimo. Matokeo yake ya kidato cha nne yaliwashinda wanafunzi wangu wote, lakini penye jina la shule aliandika "Nyumbani". Kamati ikashuku. Mimi, ambaye karatasi isiyo na mhuri hunitia homa, nikajitolea kwenda kumkamata mwongo.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda pikapu ya kwenda Ruangwa. Kwetu ni Njombe, na miaka sita ya kukaa kusini haikunizoesha vumbi lile jekundu. Nililalamika mpaka dereva akaniuliza kama nimelazimishwa kusafiri. Ruangwa mjini nilikunywa chai sokoni, nikadandia lori lililokuwa likifuata ufuta Mandawa.

Saa nane mchana niliwakuta shambani. Ufuta ulikuwa umekatwa, umefungwa matita na kusimamishwa ukauke. Baba mmoja na binti yake walikuwa wakigeuza matita juu ya turubai na kuyapiga kwa fimbo ili mbegu zidondoke.

"Kazi ya mizizi?" baba aliuliza.

Binti akajibu, tita likapigwa. Swali lililofuata likamshinda, na tita likasubiri mpaka alipopata jibu. Nilisimama pale na mkoba wangu, hasira zote za njiani zimeniisha.

"Shikamoo," Bibiana alisema aliponiona.

"Marahaba. Endelea, usiharibu somo."

Nilijitambulisha, na tukiwa tumekaa kivulini Baba Bibiana alinisimulia. Zamani alifundisha elimu ya watu wazima. Binti yake alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa, maana nafasi zilikuwa chache mno, basi baba akaamua kumfundisha mwenyewe. Alifanya mtihani wa maarifa, unaompa asiyesoma sekondari ruhusa ya kuendelea, kisha wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hata sasa aliendelea kusoma, asije akasahau kabla ya chuo.

"Na mkuu wa shule ni nani?" nikauliza, nusu kwa utani.

Wote wawili wakamwonyesha mama aliyekuwa akija na ndoo ya maji.

Mama Bibiana ni Mmwera, na Kiswahili hakikuwa chepesi kinywani mwake. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la mumewe. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari lililofunikwa kwa gazeti: rejista ya mahudhurio, ya kila siku, miaka minne. Mwanafunzi alikuwa na mstari wake, na mwalimu naye wake. Hata siku mumewe alipokwenda msibani Nanganga, alimwekea kosa, ile alama ya asiyehudhuria.

Nilifurahi, halafu nikafika mwezi wa kumi. Makosa matupu. Wa kumi na moja, vilevile.

"Msimu wa korosho," Bibiana alisema kwa sauti ndogo.

Kamati ilidai mahudhurio ya angalau asilimia tisini ya mwaka, nayo hayakufika. Ijumaa tulikuwa tunafunga maombi. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo ninalionea haya: niliwashauri wanunue daftari jipya, waliandike upya, wajaze vema.

Baba Bibiana alitazama chini. Bibiana akamtazama mama yake.

"Mwalimu, siku hizo mwanangu hakusoma," Mama Bibiana alisema. "Nikiandika kasoma, zile korosho kaokota nani?"

"Atakosa nafasi, mama."

"Akikosa, atakosa. Daftari ndilo hilo."

Bibiana akalichukua daftari, akalifunga ndani ya khanga na kunikabidhi yeye mwenyewe. Sijapata kuwaheshimu watu wa nyumba moja kiasi kile.

Jumanne nilirudi Nachingwea, na sikumbuki kama nililalamikia vumbi.

Ijumaa mwenyekiti wa kamati alihesabu makosa, akatikisa kichwa. "Utoro huu haukubaliki."

Nilisimama. "Rejista yangu ya mwaka jana haina kosa hata moja," nikasema, "na ninyi mnajua nusu ya darasa langu huwa mashambani msimu wa korosho. Huwa naijaza Ijumaa, bila kuita majina. Kama mnatafuta uongo, anzeni na mimi."

Mjumbe mmoja, mwalimu kama mimi, alianza kufuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu. Mwenyekiti akaomba kalamu, akaipitisha fomu ya Bibiana.

Wiki iliyofuata niliipeleka barua ya ufadhili Mandawa mwenyewe, pamoja na daftari lao. Safari ile ilinifunza kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimeuita uongo "utaratibu", na kwamba shule niliyokwenda kuikagua ilinizidi. Bibiana aliisoma barua mara mbili, akaketi juu ya turubai na kulia, baba yake kamshika bega. Mama yake alimwacha alie mpaka atosheke. Kisha akafungua daftari, akatafuta tarehe ya siku ile, akamwekea kosa.

"Leo hajasoma," aliniambia, machozi yakimtiririka. "Kalia tu."