Fundi Soli apima mguu wake mwenyewe

Saa moja asubuhi, Fundi Soli anainuka kwenye kigoda chake kwa mara ya tano. Anapiga hatua sita hadi mlangoni, anageuka, anarudi, anakaa, anavua kiatu cha kushoto. Anachukua kisu na kubandua soli aliyoigundisha jana.

"Bado," anasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Hiyo ni soli ya nne wiki hii, na zote ni za kiatu hicho kimoja. Jumamosi binti yake anaolewa, na anataka baba yake amsindikize kutoka mlango wa ukumbi hadi mbele, watu wakitazama. Leo ni Jumatano.

Fundi huyu wa miaka 52 hutengeneza viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Ni kazi ya miaka 27. Hukata tabaka za mpira, huzigundisha chini ya kiatu, huzisugua mpaka zisionekane kama kiraka. Wiki nzuri hutoa jozi tano, na nyumbani wanakula bila kunung'unika.

Mguu wake wa kushoto nao ni mfupi tangu kuzaliwa. Huo hakuwahi kuutengenezea kiatu. Akiulizwa, alisema wateja kwanza.

"Uongo mtupu," anasema sasa. "Nilikuwa nauonea aibu. Mteja akiutukana mguu wake hapa, namkaripia: huo ndio unaokubeba, uheshimu! Akishatoka, nautukana wangu."

Binti alipomwomba, jibu lilimtoka haraka. "Mwambie baba yako mdogo. Yeye anatembea vizuri."

"Sijatafuta mtu wa kutembea vizuri," binti akamjibu. "Nimemtaka baba yangu. Usipokuja, naingia peke yangu."

Tangu siku hiyo hatulii. Anakata, anagundisha, anatembea, kiuno kinauma, anabandua.

Mlango unasukumwa. Ni mteja wake wa tangu miaka kumi iliyopita, mwalimu mstaafu, amekuja kuchukua kiatu chake. Anamkuta fundi amesimama, mguu mmoja juu ya vibao, ameinama anajichungulia.

"We fundi, unafanya nini?"

"Napima."

"Unajipima mwenyewe? Mimi nikiinamisha kichwa tu unanipigia kelele!"

Fundi anaduwaa. Katika kazi yake mteja husimama wima, macho mbele, mguu mfupi juu ya vibao vyembamba, na mtu mwingine huongeza kimoja kimoja mpaka nyonga zikae sawa. Anayeinama kujitazama hujipinda, na kipimo hupotea. Ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Yeye kalifanya mara nne, kwa sababu hakutaka mkono wa mtu uuguse mguu ule.

"Simama wima," mwalimu anaamuru. "Na hiyo suruali ipandishe, Fundi. Hatupimi pazia."

Anaipandisha. Jasho linamtoka. Mwalimu anapiga magoti huku akiguna, anaongeza kibao, anatoa, anarudi nyuma kutazama.

"Sentimita tatu. Wewe ulijikatia ngapi?"

"Nne na nusu."

"Kha! Ulitaka kumpita bwana harusi?"

Fundi anacheka mpaka anashika meza.

Saa sita mchana soli ya tano imekauka. Anaivaa na kuanza tena safari za mlangoni. Paja linavuta, mguu mzima hauelewi kilichotokea. Bado anachechemea, ila kidogo, na anasema hilo halitaisha.

"Hii ni mpira na gundi, si muujiza," anasema. "Lakini kiuno kimenyamaza."

Kwenye harusi za watu, fundi huyu hufika saa nzima kabla, akae kitini mapema asionekane akitembea. Jumamosi hilo haliwezekani. Atakapoingia, kila kiti kitakuwa na mtu.

"Watanitazama," anasema, akiinuka tena. "Na watazame. Nimeshamwambia mwanangu tusiharakishe."