Mabuti ya Bi Filomena

Majira ya baridi, korido ya ghorofa letu la Crescent Town, huku ughaibuni, ilinuka viatu vilivyolowa theluji na chai ya tangawizi. Nilipokuwa na miaka tisa kampeni zilitufikia, nami sikutulia. Bi Filomena, Mgoa mzaliwa wa Nairobi aliyefanya kazi ya kuwatetea watoto mahakamani kwa miaka mingi, aligombea ubunge wa jimbo, akapita jengo letu mlango kwa mlango. Wagombea wengine waligawa karatasi wakiwa wamesimama nje, wakaenda zao. Yeye aliinama, akafungua kamba ndefu za mabuti yake, akaingia na soksi. Meneja wake wa kampeni alishika kichwa, maana jioni nzima walikuwa wamemaliza milango minne, na kila mlango chai. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama alimweleza habari za lifti mbovu. Alisikiliza, akanywa, kisha akanigeukia mimi niliyejibanza nyuma ya kochi.

“Na wewe, mama, unataka nini?”

“Huyo mtoto tu, dada,” Mama akasema.

“Ndiye niliyemfuata.”

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto, kwamba chumba cha chini tulichokaa baada ya shule kitafungwa, na kikifungwa Mama ataacha kazi ili abaki nami. Hakuniahidi kitu. Aliandika maneno yangu daftarini, akaniomba nirudie pole pole. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi.

Alishinda kwa kura chache, na korido nzima ikapiga vigelegele na vifuniko vya sufuria. Alipokisemea chumba chetu bungeni, tukimtazama kwenye televisheni, alimtaja msichana wa miaka tisa. Nilirukaruka kwenye kochi hadi likavunjika, na kwa mara ya kwanza Mama hakunigombeza. Chumba hakikufungwa.

Sasa Bi Filomena amestaafu, na safari hii nagombea mimi. Simu yangu hunipimia dakika mbili kila mlango. Juzi, kwenye korido ileile, bibi mmoja alinikaribisha chai, nikamwambia nina haraka, shikamoo, asante. Mjukuu wake alichungulia mlangoni. Alinitazama viatu tu. Nilikwisha kubisha mlango wa jirani aibu iliponishika. Nikarudi, nikainama, nikaanza kufungua kamba. Sijamaliza mguu wa pili, mtoto akaanza kunieleza anachotaka.