Kamba ya Mama Noela kwenye Nyumba ya Mwezini

Saa sita mchana, machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa. Mitambo ya kusaga mawe inanguruma, na Hosiana Maganga anashona mdomo wa kiroba kwa sindano ndefu.

Ndani ya kiroba kuna marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Viroba vinapangwa kwa kuzunguka, safu juu ya safu, mpaka vinakutana juu kama chungu kilichopinduliwa.

Ni nyumba ya majaribio. Wahandisi wanataka kujua kama watu watakaoishi mwezini wanaweza kujikinga na mionzi kwa udongo wa hukohuko. Hosiana analipwa shilingi elfu kumi na tano kwa siku.

"Mama Noela, ukienda huko usitusahau," Scolastika, muuza chai, anamtania Hosiana. Kisha anamnong'oneza mwandishi: "Sisi tunaiita kaburi."

Ukiingia unaelewa. Mlango ukifungwa, mitambo yote inanyamaza. Unabaki na pumzi yako.

Mume wa Hosiana, Benjamini, alifukiwa katika shimo jirani miaka sita iliyopita. Hakutolewa.

"Simu alikuwa nayo mfukoni," anasema Hosiana. "Kamba ndiyo aliiacha juu, eti inamchelewesha."

Wachimbaji hapa hushuka na kamba. Ukivuta mara tatu, unaomba kutolewa. Aliye juu hujibu kwa kuvuta mara moja: nimesikia.

Hivyo Hosiana ameshonea kamba katikati ya viroba, ncha moja ndani, nyingine nje. Mhandisi Nurjahan anataka ikatwe kabla ya Jumamosi, siku ya kupiga plasta. Mwezini, tundu dogo tu linamaliza hewa.

"Na redio watakuwa nazo, mama," anasema Nurjahan.

"Basi ingia ukae kidogo, mwanangu. Ukitoka, uamue."

Nurjahan anaingia. Mlango unafungwa. Hosiana anashika ncha ya nje.

Kamba inavutwa. Mara tatu.

Hosiana anafungua mlango haraka. Nurjahan ameketi kwenye ukuta wa mbali, mikono mapajani.

"Mbona mapema hivi, mama?"

"Si umevuta?"

"Sijaigusa."

Wote wanaitazama. Bado inatikisika. Scolastika ameshika birika, hamimini.

Nurjahan anatoka, anajipangusa vumbi kwa muda mrefu. "Isikatwe," anasema. "Tutaziba tundu, kamba ikiwa humohumo."

Hosiana anatumaini kila nyumba itakayojengwa huko juu itakuwa na kamba yake, na mtu wa kuishika. Nurjahan akishaondoka, anaizungusha ncha ya nje kiganjani.

Anavuta mara moja, taratibu.