Saa Thelathini za Bwana Hamira

Mwoka mikate hana Jumamosi wala Jumapili. Watu hula kila siku, kwa hiyo tanuri huwaka kila siku, na anayelilisha kuni tanuri hilo hujua fika kwamba mapumziko ni neno la watu wengine. Ndiyo maana sakafu ya tanuri ilipopasuka, na fundi wa matofali akasema udongo mpya lazima ukauke siku tatu bila kuguswa na moto, Bwana Hamira hakulalamika hata kidogo. Alinawa unga mikononi akaenda moja kwa moja kukata tiketi ya basi.

Jina la Hamira alipewa na wateja wake, na si kwa ajili ya kazi tu. Ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huchelewa. Mji mzima ule mdogo ulikuwa na utani wake: ukimsalimia Bwana Hamira asubuhi, jibu utalipata jioni, likishaumuka.

Mkewe alikuwa mbali, katika jiji kubwa, akifanya kazi ya usafi wa vyumba hotelini. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili, na mkataba ulikuwa ukingoni. Wiki tatu kabla ya tanuri kupasuka alikuwa amepiga simu. "Baba watoto, wananitaka niongeze muda. Wewe unaonaje?" Na Hamira, ambaye mpaka leo akiamka huweka vikombe viwili mezani kabla ya kukumbuka, akajibu, "Amua unavyoona wewe."

Alijibu hivyo kwa nia njema kabisa. Katika kazi yake kuna sheria moja isiyovunjwa: mkate ukishaingia tanurini, mlango haufunguliwi kabla ya wakati. Ukichungulia, baridi inaingia na mkate unabonyea katikati. Sheria hiyo Hamira alikuwa ameibeba kutoka kazini akaipeleka nyumbani, kwa mke na kwa watoto. Jambo la mtu usilichungulie, likiiva litatoka lenyewe. Kwa mikate sheria hiyo haijawahi kumwangusha.

Dada yake, shangazi wa watoto, ndiye aliyempasulia ukweli. "Kaka, mwenzio amekuuliza swali, wewe unamjibu kama karani wa dirishani! Unataka arudi au hutaki?"

"Nataka."

"Basi nenda ukamwambie. Usinitazame mimi, mimi si mkeo."

Kwa hiyo safari ile ilikuwa safari ya neno moja. Alipopanda basi Jumamosi alfajiri, na begi lake la mgongoni na mikate sita ya mwisho iliyookwa kabla ya tanuri kuzimwa, alikuwa na saa thelathini tu za kukaa jijini: kufika saa nne asubuhi, kuondoka kesho yake saa kumi jioni. Saa thelathini za kusema neno moja. Hata yeye aliona zinatosha na kubaki.

Mkewe alikuwa stendi akimngoja, amevaa gauni ambalo Hamira hakulijua. Walishikana mikono kwanza, kwa aibu ya watu ambao hawajaonana miezi minane, tangu likizo ya mwisho ya mke, kisha mkewe akacheka akamkumbatia mbele ya watu.

"Umekonda," alisema mke.

"Wewe umenenepa," alisema Hamira, na hiyo kwake ilikuwa sifa.

"Haya, twende upesi. Nimepanga mambo mengi."

Na kweli alikuwa amepanga. Kabla begi halijapoa mgongoni walikuwa wameshaingia katika duka la ghorofa tano kutafuta viatu vya watoto. Hamira alisimama mbele ya ngazi za umeme akazitazama kama mtu anayevizia kuingia kwenye kamba inayozungushwa. Mkewe akamshika mkono, "Ruka!" akaruka. Walipokuwa wakipandishwa polepole, bega kwa bega, alifikiri kwamba hapa ndipo. Akakohoa. "Mama watoto..." Ngazi ikafika juu, akajikwaa, mzee mmoja aliyekuwa nyuma akamgonga mgongoni, na neno likaishia hapo.

Baada ya viatu wakaenda supamaketi, ambako Hamira alichukua mkate mmoja rafuni, akauminya, akaunusa, akaurudisha kwa huzuni. "Huu umeokwa na mtu asiyeula," alisema. Kisha wakapanda lifti mpaka ghorofa ya ishirini na mbili ya jengo moja lenye uwazi juu, jiji lote likaonekana, na mkewe akawa anamwonyesha kwa kidole: pale ndipo hoteli yetu, pale ndipo ninapoishi, kule ni reli. Upepo ulikuwa mkali. Hamira alifungua mdomo, upepo ukaujaza. Wakashuka. Wakapigwa picha studio, wamekaa kama watu wanaongoja hukumu. Wakaenda kumsalimia mfanyakazi mwenza wa mkewe, mwanamke mcheshi aliyeongea saa mbili bila kumeza mate, na aliyemwita mkewe Mama Kona.

"Kwa nini Mama Kona?" aliuliza Hamira.

"Hujui? Shuka yake! Akitandika kitanda, kona zile hata ukizipimia rula huzikosoi. Na sisi anatukagua hivyo hivyo. Kona ikilegea, unarudia kitanda kizima."

Mkewe alikuwa akicheka na kukataa, lakini uso wake uling'aa. Hamira aliutazama uso ule akajisikia vibaya, kisha akaona aibu kwa kujisikia vibaya.

Chumba cha mkewe kilikuwa ghorofa ya tatu, kimoja tu, na jiko la gesi karibu na dirisha, kamba ya nguo kwenye varanda na kitanda kilichotandikwa kikakazwa mpaka Hamira alishindwa kupenyeza miguu chini ya shuka. Walicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Walikula mkate wake kwa chai, mkewe akala vipande vinne, akafumba macho kwa kile cha kwanza. Hamira akaanza, "Sasa, lile jambo la mkataba..." na mkewe akasimama papo hapo. "Nguo zako hizi zinuke vumbi la basi mpaka lini? Lete nizifue." Akafua. Alipomaliza alilala kama gogo.

Hapo Hamira alipaswa kushtuka. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba yule mama alikuwa akikimbia kitu, na kitu chenyewe ni hilo swali. Lakini Hamira aliona uchovu tu. Alfajiri aliamka saa ileile ya kukanda unga, akakaa kwenye kigoda akamtazama mkewe aliyelala. Mikono yake ilikuwa imechanika kwa dawa za kusafishia. Alimpenda sana asubuhi ile. Akasema moyoni, akiamka tu namwambia.

Mkewe aliamshwa na simu, si na Hamira. Msimamizi mwenzake alikuwa ameugua na hoteli ilikuwa imejaa. Walimhitaji kwa saa mbili tu. "Twende wote," alisema mkewe, akijifunga kitambaa kichwani haraka haraka. "Utaona ninapofanya kazi."

Kwa hiyo Jumapili asubuhi Bwana Hamira alijikuta ameketi kwenye stuli katika stoo ya mashuka, chumba kisicho na dirisha kilichojaa rafu hadi darini, mashuka upande mmoja, taulo upande mwingine, na harufu ya sabuni na pasi. Mkewe aliingia na kutoka akisukuma toroli. Wasichana wanne walikuja wakapokea maagizo. Hakuwapigia kelele. Aliwaambia vyumba gani, kwa mfuatano gani, nani aanze wapi, nao wakaitika, "Sawa, Mama Kona," wakaondoka. Hamira, ambaye ameamrisha watu watatu tu maisha yake yote na hao hawamsikii, alivimba kwa fahari.

Ndipo akageuza macho ukutani. Palikuwa na ubao, na kwenye ubao karatasi yenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa: ratiba ya likizo ya mwaka ujao. Majina yalishuka chini moja moja, na mbele ya kila jina mwezi wake. La tatu lilikuwa la mkewe. Mwezi wa nane, mwakani.

Alisoma mara mbili. Akasoma na majina mengine, labda yupo mwingine mwenye jina hilo. Hakuwapo. Mtu anayerudi nyumbani mwisho wa mwezi huu hapangiwi likizo ya mwakani. Ilimuuma. Sisemi kwamba alihuzunika kidogo au alitafakari. Ilimuuma kifuani, na baada ya kuuma ikaja hasira, kwa sababu alikuwa amezungushwa jiji zima kama mtoto anayefichwa msiba.

Mkewe aliporudi, Hamira alisimama tu akamfuata. Alikula chakula cha mchana. Alikunja nguo zake, akapokea mfuko wa viatu vya watoto, akashuka ngazi, yote kimya kama maji mtungini. Wakafika stendi robo saa kabla ya basi kuondoka.

"Umenuna tangu hotelini," alisema mkewe.

"Sijanuna."

"Baba watoto, miaka kumi na saba nimekaa nawe. Kunyamaza kwako nakujua na kununa kwako nakujua. Huku ni kununa."

Hamira akautazama mfuko wa viatu. "Nimeiona ratiba ukutani."

Mkewe akakaa juu ya begi, katikati ya watu wapitao na mizigo. "Nilitaka kukwambia jana."

"Jana ulinipeleka ghorofa ya ishirini na mbili."

"Ndiyo. Nilikuwa naogopa."

"Umetia sahihi lini?"

"Alhamisi."

Hamira akatikisa kichwa. Alhamisi tanuri lilikuwa bado linawaka, tiketi hajakata. "Mimi nilikuja kukwambia urudi," alisema.

Mkewe akainua uso taratibu. "Umekuja kuniambia nini?"

"Urudi. Ndilo lililonileta."

"Sasa mbona hukusema?" Sauti ilipanda. "Nilikuuliza kwenye simu, ukaniambia niamue. Nikakuuliza mnaishije bila mimi, ukasema mnaendelea vizuri. Mnaendelea vizuri! Nilikata simu nikaingia stoo nikalia ndani ya mashuka safi mpaka ikabidi yafuliwe tena. Nikasema, basi, wamenizoea kutokuwepo. Hawanihitaji."

"Sikutaka kukulazimisha. Nilisema jambo lako likiiva..."

"Mimi si mkate, baba watoto!"

Mchukuzi aliyekuwa akipita na magunia alisimama kusikiliza. Hamira alitaka kujibu, na safari hii alikuwa na maneno, mengi tu, lakini kondakta alikuwa ameshaanza kupiga bati la basi kwa kiganja akiita watu wa mwisho. Mkewe akasimama, akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa, akamsukumia begi. "Panda. Utaachwa." Akapanda.

Alipata kiti cha katikati, kati ya mama mwenye mtoto mapajani na bwana mmoja mwenye gazeti. Alijaribu kuchungulia dirishani asimwone mkewe. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote. Kuuliza si ujinga, husema watu, na kusema nako si ujinga, lakini yeye alikuwa ameshindwa yote mawili. Basi likatoka, likafika kwenye lango la stendi, likakwama katika foleni ya magari. Simu ikalia.

"Walinipa karatasi mbili," alisema mkewe bila salamu. "Moja ya miaka miwili, na moja ya mwaka mmoja."

"Umetia sahihi ipi?"

"Ya mwaka mmoja. Meneja alishangaa, kwa sababu ile nyingine ndiyo nzuri zaidi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia mume wangu hajasema kitu bado."

Foleni ilisogea hatua mbili ikasimama tena.

"Upo?" aliuliza mkewe.

"Nipo."

"Basi sema."

"Nimeshasema, pale stendi."

"Pale tulikuwa tunagombana. Sema vizuri."

Hamira akatazama kushoto, akatazama kulia. Bwana wa gazeti alikuwa ameacha kusoma ingawa gazeti lilikuwa bado wazi. "Rudi nyumbani," alisema Hamira, mdomo karibu na simu.

"Sikusikii."

"Rudi nyumbani, mke wangu!"

Basi zima likageuka. Mtoto akaacha kunyonya. Kwenye simu palikuwa na pumzi tu, za mtu anayejizuia asilie barabarani, kisha sauti yake ikarudi, nzito kidogo.

"Mwakani, mwezi kama huu. Uje unichukue mwenyewe."

"Nitakuja."

"Usiniambie niamue tena."

"Sikwambii tena."

Hakuna aliyekuwa tayari kukata. Mama wa pembeni akajisogeza kumpa nafasi ya kuegemea. Simu ilikatika yenyewe salio la mkewe lilipokwisha, basi likiwa bado halijatoka nje ya jiji.