Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Shule yetu iko kando ya barabara ya Malaba, mahali malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Foleni ikiwa ndefu nafundisha kwa kupaza sauti, na honi zikizidi tunanyamaza sote mpaka zipungue. Nilihamishiwa hapa kutoka Nambale. Kwetu tunasema Kikhayo. Hapa watoto wengi wa Gredi ya Pili huingia darasani na Kiteso, lugha ambayo mpaka leo naisikia nusunusu.

Vifaa vya kusomea vya watoto vitabuni huitwa vishikwambi. Sisi huviita tableti. Tulizo nazo zinatosha watoto watatu kwa moja: mmoja anashika, mmoja anagusa, mmoja anasoma kwa sauti, kisha wanabadilishana. Jioni zinarudi stoo, chumba chenye mlango wa chuma ambacho dirisha lake lilizibwa kwa matofali kuwazuia wezi. Ndani ya tableti mna twiga na ndovu wa katuni wanaozungumza Kiswahili safi na Kiingereza. Hakuna anayesema Kiteso.

Muhula mmoja alikuja msichana mdogo ambaye nyanyake alikuwa amemchukua kutoka kwa wajomba zake, ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Darasani hakusema. Si kwamba alikosea, hakutoa neno. Katika kikundi chake alikuwa wa kushika tu. Zamu yake ya kusoma ilipofika, alimsukumia jirani tableti na kutazama miguu yake. Wenzake walimpa jina: Oflaini.

Mwalimu mkuu alimchunguza kwa wiki kadhaa. "Huyu ana tatizo," aliniambia. "Muhula ukiisha kabla hajafungua mdomo darasani, tunamrudisha chekechea." Si mtu mbaya, ana watoto wengi kuliko madawati. Lakini nilijua mtoto wa umri ule akirudishwa kukaa na wadogo zake, kesho yake anakataa kuja shule.

Nilikwenda kwa nyanyake. Alikuwa uani akigeuza mihogo aliyoianika.

"Huyu hanyamazi," alisema, akinishangaa. "Hata nikilala ananiuliza maswali. Huko kwenu mnamfanya nini?"

Swali lile nilirudi nalo njia nzima. Kisha nikakumbuka kwamba tableti hazichezi sauti tu, zinarekodi pia. Nikamwomba yule mama mzee aje shuleni atusimulie hadithi kwa Kiteso, niihifadhi, darasa lisikie.

Alikuja amevaa kitenge chake kizuri. Nilimkaribisha katika ofisi ya walimu nikaweka tableti mezani.

"Hadithi? Saa hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mchana hadithi hapana. Mtu akisimulia mchana, ng'ombe zake zinapotea."

"Kwani mama una ng'ombe wangapi?"

"Moja. Ndiyo maana."

Walimu wenzangu walicheka, yeye hakucheka. Wakati huohuo dereva mmoja wa lori akabana honi, na nikaona kwamba hata angekubali, ningerekodi foleni ya Malaba. Mahali pa pekee penye kimya shuleni petu ni stoo. Nikampeleka huko na kuvuta mlango. Giza likatufunika, mwanga ulibaki ule wa kioo cha tableti. Akageuza kichwa huku na huku, kama anayepima kitu.

"Hapa ni usiku," akasema, akaanza.

Hakufika mbali. "Nani ananijibu?"

Alinieleza kwamba hadithi huenda kwa kuitikiwa. Msimulizi anaita, wasikilizaji wanajibu. Wasipojibu anajua wamelala, anaacha. Nilijaribu kuitikia. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo: "Mwalimu, unajibu kama askari wa pale mpakani. Leta mtoto."

Nikamtoa msichana darasani nikamwingiza stoo. Nyanya akaita, na kutoka gizani ikajibu sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, nzito kidogo, isiyo na haya. Aliitikia kila mwito. Katikati alimkatiza nyanyake, na nyanyake akarudi nyuma akasimulia upya. Maneno sikuyaelewa, lakini mtu anayesahihishwa namjua.

Wakati wa kutoka, mama mzee alisimama mlangoni akikunjakunja macho kwa jua. "Na hii utawasikilizisha mchana?"

Akafikiri mwenyewe. "Sawa. Mimi nimesimulia usiku. Hiyo tableti ikisema mchana, ng'ombe zake ndizo zipotee."

Nilikimbilia kwa mwalimu mkuu na ile sauti. Aliisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini. "Hiyo ni stoo," akasema. "Mimi nilisema darasani."

Alisema kweli. Nilikuwa nimefurahia chombo kana kwamba chombo ndicho kilichozungumza. Mtoto aliyenaswa ndani ya tableti bado ni mtoto aliyenyamaza kwenye dawati.

Kesho yake, somo la saa nne, niliweka tableti juu ya meza yangu nikawaambia watoto kuna hadithi ya Kiteso. Kabla sijaigusa, msichana alisimama bila kuitwa. Nilidhani anatoka nje. Akaenda dirisha la kwanza akavuta kifuniko chake cha mbao, akaenda la pili. Mvulana mmoja akaanza, "Oflaini anafanya...," mwenzake wa Kiteso akamnyamazisha kwa kiwiko, akainuka kumsaidia. Wakafunga yote, kisha mlango.

Nikabonyeza. Nyanya akaita. Mtoto alijibu mara mbili: mara moja kutoka kwenye tableti, mara moja kutoka dawati lake. Kwenye mwito uliofuata walijibu wenzake wa Kiteso, na baadaye hata wa Kikhayo, ambao hawakujua wanaitikia nini. Mimi pia niliitikia, kama askari.

Mlango ukasukumwa. Mwalimu mkuu alisimama akikodolea macho giza. "Mwalimu, kuna nini humu? Mbona mmejifungia?"

Kabla sijajibu, sauti ileile nzito ya stoo ikatoka safu ya nyuma, kwa Kiswahili:

"Ni usiku, mwalimu. Funga mlango."

Mwalimu mkuu aliniangalia, akaangalia kule sauti ilikotoka. Kisha akaingia, akafunga mlango, akatafuta kwa mikono mahali pa kukaa.