Jani la Upande Mmoja

Harufu ya mafuta ya cherehani, yale ya kwenye kichupa chenye mdomo mrefu, nikiinusa hata leo najishika tumbo. Nakwambieni sababu, ila mcheke polepole.

Shangazi Mwanaidi alikuwa fundi wa darizi pale kwetu Kiegeani. Akitaka kudarizi, mguu wa cherehani anautoa, yale meno yanayovuta kitambaa anayafunika kibati, kitambaa anakibana kwenye fremu ya duara, kisha anakiendesha mwenyewe kwa mikono kama anaandika. Mie kwa kutazama tu nikajiona fundi. Hata shule nilisoma hivyohivyo, kwa kutazama, ndiyo maana niliishia darasa la sita.

Siku hiyo alikuwa anamalizia shingo ya kanzu ya Baba. Kesho yake Baba alikuwa aende Ndagoni kumposea kaka yangu, na kanzu ya maana alikuwa nayo hiyo moja. Shangazi akaenda kuswali alasiri, kanzu akaiacha chini ya sindano. Mie nikapanda kitini, nikakanyaga pedeli.

Nikangoja kitambaa kijivute. Wapi. Sindano ikapiga palepale, nyuzi zikajaa kama kiota cha kunguru, nikainama kutazama kulikoni, na gauni langu la njano nalo likaingia.

Shangazi akarudi. "Inuka hapo."

"Siwezi, Shangazi."

"Una nini?"

"Nimeshonwa."

"Nani kakushona?"

"Cherehani."

Hakunipiga. Alijaribu kufumua, kanzu ikachanika. Basi akakata gauni langu kuzunguka kile kiota, kipande cha njano akakiacha kwa ndani kiwe bitana. Akapitisha uzi mweupe mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka tundu la kanzu likazibika. Juu yake akadarizi jani.

Nikarudi nyumbani nimeshika tumbo, kuficha tundu la gauni. Baba akauliza, nikasema linauma. Akanichemshia mchaichai, bila sukari, akakaa pale mpaka nikamaliza kikombe.

Asubuhi Baba akaenda nami kwa Shangazi, akavaa kanzu, akapapasa lile jani. "Mbona liko upande mmoja?"

"Ndiyo fasheni," Shangazi akasema, uso hakuinua.

"Haya."

Posa ikakubaliwa. Miaka yote nikajisifu moyoni kwamba mzee tulimweza.

Juzi akaja kibandani kwangu ninaposhonea, nikamwamkia, akanipa kanzu ileile nimzibie kwapani. Nikaigeuza. Kipande cha njano kipo, kimepauka. Ndipo nikakumbuka kwamba kanzu zake Baba hufua mwenyewe tangu zamani, hampi mtu. Nikaelewa na mchaichai ule kwa nini ulikosa sukari: tundu la gauni alikuwa kaliona jioni ileile.

Nikamtazama, kidole changu kiko juu ya kile kipande. Alikuwa benchini, anajifanya anaangalia pikipiki zinazopita.

"Hapo usipaguse," akasema.