Maji Kwenye Dizeli

Mume wangu alichovya kidole kwenye oili iliyokuwa ikichuruzika ndani ya karai, akakisugua na dole gumba, akanusa, kisha akaniuliza kama nimeona kitu chochote kinachong'aa. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya gari, juu ya gunia lililopasuliwa, uani kwetu Makanyagio, mjini Mpanda. Maishani mwangu sikuwa nimewahi kulala chini ya gari. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Kazi yangu ni kufuta vumbi la chaki, si oili.

"Sioni kitu," nilimwambia. "Yote nyeusi."

"Nyeusi siyo tatizo. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi hata kama uliiweka jana. Nimekuuliza kinachong'aa, chembe za chuma."

Sauti yake ilikuwa kali kuliko ilivyohitajika. Nilijua kwa nini, nikaangalia tena.

Alikuwa dereva tangu ujana wake. Ameendesha malori ya kokoto, magari ya maji, kila aina ya gari lililotengeneza barabara za huku kwetu. Kisha presha ya macho ikaja kimyakimya, ikachukua jicho la kushoto kabla hatujajua kwamba kuna ugonjwa. La kulia lilibaki na nafasi ndogo ya katikati. Aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari wa Mbeya alituambia bila kuzunguka: lazima afanyiwe upasuaji wa kushusha ile presha, la sivyo na hiyo nafasi ndogo itafunga. Tulipewa tarehe. Ilikuwa karibu.

Nilikuwa nimependekeza twende na basi. Alikubali nusu. "Kwenda, sawa," alisema. "Kurudi je? Jicho limefungwa bandeji, vumbi linaingia dirishani, mtu ananipiga kiwiko. Ukiharibika huo mshono, nani atanirudishia?" Leseni nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeendesha hapa mjini tu, shuleni na sokoni. Kwa hiyo tungeenda na gari letu, na dereva ningekuwa mimi.

Gari lenyewe ni la dizeli, kubwa, la juu, tulilinunua likiwa limeshatumika sana. Mwenye nalo wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mchele kutoka Mpimbwe. Tulipolileta nyumbani tulikuta pumba hata ndani ya taa za mbele. Kwa miaka yote mume wangu alilihudumia mwenyewe. Aliwahi kulipeleka gereji moja hapa mjini, wakakaza nati ya kumwagia oili mpaka meno yakakatika, akarudi nyumbani huku linadondosha njia nzima. Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine aliguse. Macho yalipopungua, gari likasimama kwenye kibanda cha mabati masika yote, tanki likiwa nusu.

Ndiyo maana nilikuwa chini yake. Yeye alikaa kwenye kigoda pembeni, filta mpya zimepangwa mapajani mwake kama mtu anayeuza vitunguu, akinielekeza kwa maneno na mimi nikimwambia ninachokiona.

Filta ya oili ilitoka kwa taabu. Aliniambia nichungulie juu pale inapokaa nione kama mpira wa zamani umebaki umeng'ang'ania. Nikachungulia. Haukuwepo. "Pitisha kidole," alisema. Nikapitisha. "Pitisha tena." Mara ya pili nilipitisha kwa hasira, lakini nilipitisha. Mpira wa filta mpya aliupaka oili yeye mwenyewe, taratibu, akiuzungusha kwa ncha ya kidole, na kwa muda ule mfupi nilimwona yule mtu niliyeolewa naye.

Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi jekundu na mabawa ya wadudu. Maji ya rejeta yalitoka na rangi ya kutu. Mafuta ya breki yalikuwa yameiva kama chai ya rangi. Kila nilichomtajia alikipokea kwa kutikisa kichwa, kama mgonjwa anayesomewa majibu. Tulipofika kwenye gia boksi nikafungua nati yake, na kwenye ncha yake yenye sumaku nikakuta ungaunga wa chuma. Hilo alikuwa ameshaniambia ni la kawaida. Lakini ndani ya ule unga palikuwa na kipande chembamba, kimepinda kama ukucha uliokatwa.

Nilikishika nikiwa bado chini. Nilifikiri nikitupe tu. Kisha nikafikiri yeye ndiye anayejua, na safari ni yake, nikatoka chini ya gari nikamwekea kiganjani.

Alikipapasa muda mrefu. Akakileta karibu kabisa na jicho lake la kulia, akakigeuza kuelekea jua.

"Cha zamani," alisema mwishowe.

"Umejuaje?"

"Kingo zake zimeshalainika."

Mimi nilikuwa nimezigusa zile kingo. Hazikuwa laini. Nilimtazama, naye akatazama mahali ambapo alidhani nipo, na hatukulizungumza tena.

Mwisho ilikuwa filta ya dizeli. Nilifungua koki ya chini yake, maji kidogo yakatoka, kisha dizeli safi. Nikabadilisha, nikapampu kwa mkono kipampu kidogo cha juu yake, kinachovuta dizeli, mpaka kikawa kigumu. Aliniambia niwashe. Likawaka, likazima. Nikapampu tena, nikawasha, likakohoa moshi mweupe, likatulia. Akasimama akaweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza kwa muda.

"Liache lingurume," alisema. "Usilizime kwanza."

Tuliondoka asubuhi ya Jumatatu. Watoto tulimwachia dada yangu. Mpaka Sitalike, kijiji cha mwisho kabla ya hifadhi ya wanyama, njia ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa nimeshika usukani kama mtu anayeshika kamba ya kisima. Kila mlio ulinishtua. Kila nikibadilisha gia nilikisikia kile kipande cha chuma, au nilidhani nakisikia. Nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa upande wa injini, na nikajua naye anasikiliza hichohicho.

Tukaingia hifadhini. Barabara ikawa mbaya, gari likaanza kurukaruka, mbung'o wakaanza kugonga vioo. Tulifunga madirisha yote, joto likawa kali. Twiga wawili walikuwa kando. Nilimwambia, akaitikia tu. Mbele kidogo, kwenye kamwinuko, nikakanyaga mafuta na gari halikuitika.

"Linavuta?" aliuliza hapohapo.

"Halivuti vizuri."

"Shusha gia."

Nikashusha. Likapanda kwa shida kama mtu aliyebeba mzigo, kisha kwenye deshibodi ikawaka taa ya njano ambayo sijawahi kuiona.

"Kuna taa imewaka."

"Ipi?"

"Ya njano."

"Inafananaje? Niambie inafananaje!"

"Kama kikombe... chini yake kuna vitone."

Alipumua. Sikujua kama ni pumzi ya nafuu au ya kukata tamaa. "Maji," alisema. "Yameingia kwenye filta. Tafuta mahali pa wazi usimame. Usiendelee, ukiendelea yatafika kwenye pampu, na pampu ikifa tumekwisha."

Nilisimama pale ambapo majani yalikuwa mafupi pande zote. Nilizima injini na kimya chote cha pori kikaingia ndani ya gari. Kila mtu anayepita barabara ile anajua kwamba hapo hushuki. Niliuliza tufanyeje, nikitumaini kwamba ataniambia tungoje.

"Utafungua koki ileile uliyoifungua nyumbani. Utatoa maji mpaka uione dizeli. Utafunga, utapampu. Ni kazi ndogo."

"Na wanyama?"

"Nitaangalia mimi."

Hapo nilishindwa hata kumjibu. Alikuwa ameshafungua mlango wake. Alishuka akishikilia mwili wa gari, akapapasa mpaka mbele, akasimama ameegemea taa, uso wake ameuelekeza kwenye nyasi ambazo hakuweza kuziona. Mbung'o walimtua shingoni na hakuwafukuza. Alikuwa anasikiliza.

Nikafungua boneti. Kitambaa kikaniponyoka, kikaanguka ndani ya injini. Injini ilikuwa ya moto, ya kuunguza. Niliweka chini ya koki chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo, nikaizungusha koki, kikatoka kitu cha kijivujivu, kizito, chenye mapovu. Kikajaa karibu nusu ya chupa. Nikamwonyesha, nikakumbuka, nikamsogezea puani.

"Ni tanki," alisema. "Limekaa nusu masika yote, likawa linatoa jasho ndani. Barabara imelitikisa tu. Siyo wewe. Umesikia? Siyo filta uliyofunga wewe."

Sikuwa nimemwambia kwamba nilikuwa najilaumu.

Nilikuwa nakipampu kile kipampu cha filta, bado laini, bado hakishiki, lori lilipotokea nyuma yetu. Lilipunguza mwendo. Lilikuwa limebeba magunia, na dereva wake, mwanaume mnene mwenye lafudhi ya Kisukuma, alitoa kichwa dirishani akasema kwa sauti ya chini, si kwa kelele, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitisha zaidi:

"Mayo, mama yangu, nyie mnafanya nini hapo? Upande wenu wa kulia kuna nyati."

Niligeuka. Walikuwa wamelala kwenye kivuli, mbali kiasi cha uwanja wa mpira, weusi, nami nilikuwa nimewaona kabla nikadhani ni vichuguu. Mmoja alikuwa amesimama anatutazama.

"Nimewasikia," mume wangu alisema. "Nilidhani ni ng'ombe wa watu."

"Ng'ombe wa nani humu, baba?" dereva alisema. "Ingieni ndani!"

"Bado kupampu," nilisema. Sijui nilitoa wapi ujasiri wa kumjibu hivyo. Labda haukuwa ujasiri. Nilichoogopa zaidi ni gari kukataa kuwaka.

Yule dereva alitutazama, akamtazama mume wangu jinsi anavyoshika taa ya gari, nadhani akaelewa kwamba haoni. Alisogeza lori lake polepole mpaka likasimama kati yetu na wale nyati, karibu kiasi kwamba kioo chake cha pembeni kiligusana na chetu. Akaliacha linanguruma.

"Pampu, mayo," alisema. "Mimi nipo."

Nikapampu. Kile kipampu kilianza kukaza chini ya dole gumba langu, kikakaza zaidi, kikawa jiwe. Nilifunga boneti, nikamshika mume wangu mkono nikamzungusha mpaka mlangoni kwake, na hakunizuia kama alivyozoea kunizuia. Nikawasha. Injini ilizunguka bila kushika, ikazunguka tena, na mimi nikawa naomba kwa sauti, "Baba yetu uliye mbinguni," bila kufika mbali, kisha ikashika. Taa ya njano ikazimika.

Dereva wa lori alipiga honi fupi, akatupita kwanza, akatusubiri mbele, na akaenda hivyo, anaenda anatusubiri, mpaka tulipotoka hifadhini. Kwenye kijiji cha kwanza alitupungia mkono akashika njia nyingine. Jina lake hatukuuliza.

Tulisimama mara moja zaidi siku hiyo kutoa maji, safari hii mbele ya kituo cha mafuta, kwenye kivuli, watu wakipita. Yalikuwa machache. Tulifika Mbeya giza likianza kuingia, kwa binamu wa mume wangu anayeishi karibu na hospitali, na mabega yangu yalikuwa yamekakamaa hata kikombe nilishindwa kukiinua vizuri.

Upasuaji ulifanyika Jumatano. Nilikaa kwenye benchi la nje na wake na wana wa watu wengine. Nilikuwa nimenawa mikono mara nyingi na bado kucha zangu zilikuwa nyeusi; mama mmoja aliyekuwa karibu yangu aliniuliza kama ninafanya kazi gereji. Nilimwambia ndiyo. Sijui kwa nini. Nilichoka kueleza.

Daktari alitoka akaniambia mambo yamekwenda vizuri, ila nisitegemee makubwa: kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kitakaa. Nikamuuliza kitakaa mpaka lini. Akasema tutakuwa tunaangalia presha kila baada ya muda, na dawa za matone asikose hata siku moja. Lilikuwa jibu la uaminifu na halikunituliza. Mpaka leo, mume wangu akichelewa kujibu ninapomuuliza ni rangi gani nimevaa, narudia kumuuliza papo hapo.

Binamu yake alimpata fundi akafungua tanki, wakalisafisha, wakatoa maji ya kutosha ndoo ndogo, na kutu. Gia boksi hakuna aliyeifungua. Inafanya kazi mpaka sasa, na kile kipande cha chuma sijui kilitoka wapi.

Tulirudi Mpanda baada ya wiki mbili. Jicho lake lilikuwa na kifuniko cha plastiki kilichobandikwa kwa plasta, na juu yake nilimfunga kitambaa cheupe kwa ajili ya vumbi. Tulipoingia hifadhini nilianza kumwambia ninachokiona, tembo kwenye bonde, nyani barabarani, nikasikia hanijibu. Nikageuka. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea mlango. Katika miaka yote tuliyosafiri pamoja sikuwahi kumwona amelala kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Nikapunguza mwendo kwenye mashimo, nikaendelea kusikiliza injini peke yangu.